Baiskeli Isiyokwenda Popote: Chombo cha Mazoezi ya Nyumbani na Tiba ya Goti

Mtu anayepanda baiskeli, akapiga pedeli kwa nusu saa hadi jasho likamtiririka, kisha akashuka pale pale alipopandia, hana budi kuonekana kichekesho katika nchi ambayo baiskeli ni chombo cha kazi. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, baiskeli hubeba gunia la mahindi kwenda mashineni, madumu ya maji, mikungu ya ndizi kutoka milimani, na mara nyingi mgonjwa kwenda zahanati. Kuifunga isiende kokote ni kama kumfunga ng'ombe wa maziwa kisha mtu asimkamue. Hata hivyo, baiskeli iliyofungwa namna hiyo ni miongoni mwa vyombo vilivyochunguzwa kwa muda mrefu na kwa makini sana na wataalamu wa elimu ya mwili, na kwa baadhi ya watu ndiyo tofauti kati ya goti linalokunjika na goti lililokakamaa kwa maisha yote.

Hebu tuchukue mfano ulio wa kawaida katika sehemu hizo. Kijana anaendesha pikipiki ya abiria katika barabara ya Tarime hadi Mugumu, ile ipitayo Nyamwaga na kuvuka Mto Mara. Anaanguka kwenye changarawe, na mfupa wa paja unavunjika kidogo juu ya goti. Anapelekwa hospitali, na pengine anafikishwa Bugando, Mwanza, kiasi cha kilometa 300 kutoka Tarime. Huko mfupa unaungwa kwa chuma. Kazi ya daktari wa upasuaji imekwisha vizuri, na picha inaonyesha kuwa mfupa umekaa sawa. Kijana anarudi nyumbani na magongo, pamoja na maagizo ya kukunja na kunyoosha goti kila siku. Lakini goti linauma, ndugu wanamhurumia, mama anamwambia apumzike, na mguu unalazwa juu ya mto. Baada ya miezi 3 mfupa umeunga barabara, ila goti halikunjiki kuzidi nyuzi 60. Mtu mwenye goti la namna hiyo hawezi kuchuchumaa chooni wala kupanda pikipiki tena, akilima hulazimika kuinama kwa kiuno peke yake, na huteremka mlima kwa kuuburuta mguu. Mfupa ndio uliovunjika, lakini kinachomfanya kuwa kilema ni ule mto uliowekwa chini ya mguu.

KWA NINI KIUNGO HUKAKAMAA

Ncha za mifupa inayokutana katika goti zimefunikwa kwa gegedu, yaani utando mgumu, laini na wenye kuteleza. Gegedu la mtu mzima halina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka katika ute ulio ndani ya kiungo, na ute huo huingia na kutoka ndani ya gegedu kwa kubanwa na kuachiliwa, kama sifongo inavyonyonya na kukamuliwa maji. Kiungo kisichosogea ni sifongo isiyokamuliwa. Wakati huo huo mfuko unaozunguka kiungo hunywea, makovu hugandisha nyuzi zilizopaswa kuteleza, na msuli mkubwa wa mbele ya paja huanza kupungua unene katika muda wa siku chache tu.

Ushahidi wa jambo hili si wa kubahatisha. Kuanzia mwaka 1970 daktari wa mifupa Robert Salter wa Toronto, Kanada, aliwafanyia sungura majaribio ambayo matokeo yake yalibadili mawazo ya wengi. Alitoboa vitundu katika gegedu la goti, kisha akawaacha baadhi ya sungura wakiwa wamefungwa mguu na wengine akawafunga kwenye mashine iliyokunja na kunyoosha goti polepole bila kukoma. Magoti yaliyosogezwa yalipona vizuri zaidi kuliko yale yaliyofungwa. (Mashine za umeme za kukunja magoti ya wagonjwa, zilizotokana na uchunguzi huo, baadaye zilionekana kuwa na faida ndogo kuliko ilivyotumainiwa, hasa kwa waliowekewa magoti bandia. Misuli yao wenyewe ikifanya kazi hufaa zaidi kuliko mota.)

Madhara ya kulala hayaishii kwenye goti. Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, vijana 5 wenye afya njema walikubali kulala kitandani kwa majuma 3. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kutumia oksijeni wakati wa kazi nzito ulikuwa umepungua kwa zaidi ya robo. Hao walikuwa vijana wasio na jeraha lolote. Ndiyo kusema kwamba majeruhi anayelala miezi 3 hupoteza mambo mawili kwa pamoja, kiungo chake na pumzi yake, na chombo chochote cha kumrudisha hapana budi kishughulikie yote mawili.

Hapo ndipo baiskeli inapopata sifa yake. Watafiti wa Berlin, Ujerumani, waliwawekea wagonjwa magoti bandia yenye vipimo ndani yake, wakaweza kusoma uzito unaoliangukia goti katika kila tendo. Mtu akitembea mahali tambarare goti hupata mzigo wa takriban mara 2 na nusu ya uzito wa mwili wake. Akishuka ngazi mzigo hupanda hadi mara 3 na nusu hivi. Akipiga pedeli kwa nguvu za wastani, mzigo huzidi kidogo tu uzito wa mwili mara 1, kwa sababu sehemu kubwa ya mwili imeketi juu ya kiti. Kwa mwenyeji wa milima ya Tarime, ambaye kila safari ya sokoni ina mteremko wake, habari hii ina maana ya pekee. Kutembea kwa mazoezi, dawa ambayo watu wa nchi tambarare huandikiwa kwa urahisi, huku kwaweza kuwa mzigo mkubwa kuliko goti bichi linavyostahimili. Kano zilizounganishwa upya ndani ya goti nazo hunyooshwa kidogo sana wakati wa kupiga pedeli.

CHOMBO CHA ZAMANI

Wazo la kuupa mwili mazoezi kwa chombo kisichosafiri ni la zamani kuliko baiskeli yenyewe. Mwaka 1796 Francis Lowndes wa London alipata hataza ya mashine aliyoiita Gymnasticon, yenye magurudumu yaliyoendeshwa kwa mikono na miguu, iliyokusudiwa kulegeza viungo vya wagonjwa na kuwapa mazoezi watu wanaokaa sana. Ilisemekana kuwa mtu angeweza kuitumia huku akisoma. Maendeleo makubwa zaidi kwa upande wa vipimo yalipatikana Sweden mnamo mwaka 1954, wakati W. von Döbeln alipoeleza baiskeli rahisi ya kupimia kazi, yenye ukanda unaokaza gurudumu na kipimo cha kuonyesha kani ya ukanda huo. Mwaka huo huo P.-O. Åstrand na Irma Ryhming walichapisha chati ya kukadiria uwezo wa moyo na mapafu kutokana na mapigo ya moyo ya mtu aliye juu ya baiskeli kama hiyo. Uzuri wa ukanda ule ni kwamba hauhitaji umeme wala chombo cha kigeni, na fundi yeyote anaweza kuufahamu. Jambo hilo litarejewa hapa chini.

AINA ZINAZOUZWA

Mnunuzi wa leo hukutana na aina nyingi, na maneno ya wauzaji ni mengi kuliko aina zenyewe. Kwa kweli tofauti zilizo na maana ni chache.

Ya kwanza ni namna mtu anavyoketi. Baiskeli ya kuketi wima inafanana na ile ya barabarani. Ile ya kuegemea ina kiti kipana chenye mgongo, na pedeli zake ziko mbele. Hii ya pili humfaa mzee, mtu mwenye maumivu ya kiuno, au yule asiyeweza kuinua mguu kuvuka fremu. Kasoro yake ni ukubwa. Chumba cha nyumba nyingi za Tarime mjini au Mugumu, chenye kitanda, kabati na magunia ya mavuno, hakitaipokea bila ugomvi. Ziko pia pedeli ndogo zisizo na kiti, za kuwekwa sakafuni mbele ya kigoda au kiti cha kawaida. Ni rahisi na nyepesi, nazo zafaa kwa majuma ya kwanza ya kulegeza goti. Hata hivyo hazifai kwa kukuza nguvu, maana ukizikaza hukimbia sakafuni.

Ya pili ni namna gurudumu linavyokazwa. Baadhi huwa na kipande cha sufi au ngozi kinachosugua gurudumu. Hicho huisha na hubadilishwa kwa senti chache. Nyingine hutumia sumaku: diski ya chuma au alumini ikizunguka karibu na sumaku, mikondo ya umeme huzuka ndani ya diski yenyewe na kupinga mzunguko. Hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna kinachochakaa wala kupiga kelele, na kama sumaku husogezwa kwa kamba ya mkono hakuna haja ya umeme wa ukutani. Aina ya 3 hutumia pangaboi. Kadiri mtu anavyokwenda kasi ndivyo upepo unavyompinga, na upinzani huo haukui kwa uwiano sawa. Kasi ikiongezwa mara 2, nguvu inayotakiwa huongezeka kama mara 8. Kwa mwanariadha ni jambo jema, lakini mgonjwa anayeambiwa aongeze kazi kidogo kidogo atapata shida kubwa kuidhibiti.

Ya tatu, ambayo wauzaji huitaja kwa nadra, ni hii: je, mtu akiacha kupiga pedeli, pedeli nazo husimama? Baiskeli ya kawaida ina friwili, na miguu ikitulia pedeli hutulia. Zile za mazoezi makali, zenye gurudumu zito la mbele linaloweza kufika kilo 20, mara nyingi hazina friwili. Gurudumu likishachukua kasi huendelea kuzisukuma pedeli, na pedeli huusukuma mguu, utake usitake. Mtu mwenye goti lisilofika nyuzi 110, akiteleza au akipatwa na maumivu ya ghafla, atakunjwa goti kwa nguvu na gurudumu lisilo na huruma. Chombo cha namna hiyo kinaweza kuwa bora kabisa kwa mwalimu mwenye afya anayetaka kuimarisha pumzi, lakini hakifai kuwekwa katika nyumba ya majeruhi kabla hajapona.

Tarakimu zinazong'aa mbele ya usukani zisimbabaishe mtu. Katika mashine nyingi za bei ndogo, wati na kalori zinazoonyeshwa hukadiriwa kutokana na kasi na namba ya kikazio. Hazipimi kani yoyote. Mnunuzi na achunguze kiti kama kinapanda na kushuka, tena kama kinasogea mbele na nyuma. Atazame kama gololi za mhimili ni za kawaida na zapatikana madukani. Asome uzito wa juu unaoruhusiwa. Kisha aketi, apige pedeli kwa dakika 5, asikilize. Mashine inayoyumba dukani itayumba zaidi nyumbani juu ya sakafu ya udongo.

KAZI YA FUNDI

Mashine nzuri ya dukani huweza kumgharimu mtu fedha ya ng'ombe, na majeruhi huihitaji kwa miezi michache tu. Ndiyo maana inafaa kuangalia kwanza kile kilichopo: baiskeli kuukuu ya chuma, ambayo haikosekani katika kijiji chochote, fundi baiskeli, na fundi wa kuchomelea. Watu hawa wawili wapo Tarime, Sirari, Nyamongo na Mugumu.

Stendi hutengenezwa kwa mabomba au vyuma vya pembe, ikashika ekseli ya gurudumu la nyuma pande zote mbili na kuliinua sentimeta chache kutoka chini. Miguu yake itandazwe, upana wa sentimeta 60 au zaidi, na gurudumu la mbele lifungwe kwenye kipande cha mbao ili usukani usigeuke. Tairi na mpira vya gurudumu la nyuma huvuliwa. Ukanda wa turubai au wa ngozi hupitishwa juu ya rimu, na kila ncha yake huunganishwa na mizani ndogo ya springi ya kuning'iniza, kama ile ya kupimia samaki. Mizani zote mbili hufungwa kwenye stendi, moja kwa kamba inayoweza kukazwa. Gurudumu likizunguka, ukanda huvutwa upande mmoja, na mizani moja husoma uzito mkubwa kuliko nyingine. Tofauti ya visomo hivyo viwili ndiyo kani inayopinga gurudumu.

Kutoka hapo hesabu ni nyepesi. Mzingo wa rimu ya baiskeli ya inchi 28 ni mita 2 hivi. Ikiwa gurudumu la meno la mbele lina meno 44 na lile la nyuma 18, basi kila mzunguko mmoja wa pedeli huzungusha rimu mara 2.44, na rimu hupita chini ya ukanda kwa takriban mita 4.9. Kwa mizunguko 50 kwa dakika, hiyo ni mita 4.1 kwa sekunde. Tofauti ya visomo ikiwa kilo 1, mtu huyo anafanya kazi ya wati 40. Nusu kilo ni wati 20. Mashine ya Sweden ya mwaka 1954 ilifanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo, na ile iliyotengenezwa chini ya mwembe, mradi mizani zake ni za kweli, itampa mgonjwa kipimo cha kuaminika kuliko tarakimu nyingi za dukani. Mwenye baiskeli ya meno tofauti ayahesabu mwenyewe. Jambo moja la tahadhari: kazi yote ya miguu huishia kuwa joto kwenye ukanda na rimu. Wasishikwe kwa mkono mara baada ya mazoezi, na matone ya mafuta ya cheni yakiufikia ukanda, vipimo vyote vitapotoka.

Rimu ya baiskeli ni nyepesi, kwa hiyo mzunguko huwa wa kukatikakatika, hasa pedeli moja inapokuwa juu kabisa. Dawa yake ni kuiongezea uzito. Pete mbili za nondo ya milimeta 10, zikifungwa kwa waya kwenye spoki upande huu na upande huu, karibu na rimu, huongeza zaidi ya kilo 2 mahali panapofaa kabisa. Zisawazishwe vizuri, la sivyo stendi itacheza ngoma.

Lakini ufundi wenye faida kubwa kuliko wote upo kwenye mkono wa pedeli. Mkono wa kawaida una urefu wa sentimeta 17. Chukua mtu ambaye paja lake, kutoka nyonga hadi goti, lina sentimeta 42, na muundi wake, kutoka goti hadi kifundo, una sentimeta 42 pia. Kiti kikiwekwa ili goti lake likunjike nyuzi 30 pedeli inapokuwa chini kabisa, basi pedeli inapofika juu goti hilo litalazimika kukunjika nyuzi 112 hivi. Mkono ukifupishwa kuwa sentimeta 12, bila kubadili umbali wa kiti na pedeli ya chini, goti litahitaji nyuzi 94. Mkono wa sentimeta 8 na nusu utahitaji nyuzi 80 tu. Kwa hiyo yule kijana ambaye goti lake limefika nyuzi 85, ambaye angeambiwa kwamba bado hawezi kupanda baiskeli, anaweza kuzungusha pedeli mzunguko kamili leo hii.

Mikono ya baiskeli za kizamani, ile inayoshikwa na pini, ni ya chuma. Fundi huikata, akakichomelea tena kile kichwa chenye tundu la pedeli mahali panapotakiwa. Aangalie kuwa tundu la pedeli ya kushoto lina hesi za kukaza kinyume, na asibadilishe kushoto kwa kulia. Mikono ya alumini isichezewe kwa mashine ya kawaida ya kuchomelea. Haishiki, na ikionekana kushika itakatika mtu akiwa juu yake. Kisha cheni yote ifunikwe kwa bati. Vidole vya watoto huvutwa na kitu kinachozunguka, na kitenge cha mama vile vile. Kwa mwanamke, fremu isiyo na bomba la juu ndiyo ifaayo, naye mwenye goti gumu, awe mwanamume au mwanamke, atapanda kwa urahisi zaidi kwenye fremu hiyo hiyo.

MAJUMA YA KWANZA

Kabla ya yote, aliyemtibu mgonjwa ndiye aamuaye siku ya kuanza, kwani ndiye ajuaye jinsi mfupa ulivyoungwa na mzigo unaoruhusiwa. Swali hilo na liulizwe kabla ya kuondoka hospitali, kwa maneno yaliyo wazi: ni lini ninaweza kupiga pedeli bila mzigo, na ni lini kwa mzigo? Ni rahisi kuliuliza ukiwa bado Mwanza kuliko kulipa nauli ya pili kwa ajili yake.

Siku za mwanzo ukanda hulegezwa kabisa. Kiti hupandishwa kidogo kuzidi kawaida ili goti lisikunjike sana, na goti lisipoweza kuzunguka lote, pedeli hupelekwa mbele na kurudishwa nyuma kama bembea, nusu mzunguko, mguu mzima ukiusaidia mguu mgonjwa. Wengi hugundua kuwa mzunguko kamili wa kwanza huja kinyumenyume; si ajabu, na haudhuru. Dakika 5 asubuhi na 5 jioni zatosha. Baadaye hufika dakika 10, halafu 20, na ndipo ukanda unapoanza kukazwa: wati 10, kisha 20. Mguu mzima una tabia ya kufanya kazi yote huku ule mgonjwa ukibebwa tu. Kwa hiyo mara moja moja mguu mzima upumzishwe kwenye kigoda, na mguu mgonjwa ufungwe kwenye pedeli kwa mkanda, uzungushe peke yake kwa nusu dakika bila ukanda kukazwa. Aibu ya jaribio la kwanza humfundisha mtu mengi.

Kiti kikisharudi kwenye kawaida yake, kipimo chake ni hiki: kisigino kikiwekwa juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka pasipo nyonga kuinama upande. Mtu akihamisha mguu na kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kati ya nyuzi 25 na 35. Kiti kilicho chini mno huikandamiza pia ya goti, na maumivu huja mbele ya goti. Kilicho juu mno huvuta kano za nyuma. Watu wengi wanaolalamika kuwa baiskeli imewaumiza goti wameumizwa na kiti.

Maumivu kidogo wakati wa mazoezi si sababu ya kuacha. Kinachoangaliwa ni asubuhi ya pili. Goti likiamka limetulia, kazi iliyofanyika ilikuwa ya kadiri. Likiamka limevimba na lina joto, kazi ilizidi, nayo ipunguzwe nusu kwa siku mbili tatu. Lakini ziko dalili ambazo hazingoji asubuhi. Shavu la mguu likivimba, likauma na kuwa na joto, huenda damu imeganda katika mshipa, na hatari yake ni kubwa. Usaha au homa baada ya upasuaji, maumivu ya kifua, pumzi kukata ghafla, au mfupa kuonekana unacheza mahali ulipoungwa, yote haya ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, iwe ya Tarime au ile ya Nyerere, Mugumu.

KWA WASIO NA JERAHA

Mkulima anayepanda na kushuka mlima kila siku hana haja ya baiskeli ya kusimama. Wenye haja ni wale ambao kazi imewaketisha: mwenye duka, karani, dereva, mwalimu mkuu, na wazee ambao wameachia wajukuu ng'ombe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma. Kipimo cha wastani hakihitaji saa ya mkononi. Mtu awe anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba.

Wanaonunua chombo hiki kwa nia ya kupunguza tumbo wanapaswa kuambiwa hesabu yake mapema, ili wasije wakakilaumu. Nusu saa kwa wati 50 hutumia nishati iliyo sawa na gramu 30 hivi za unga wa mahindi, yaani matonge machache ya ugali. Faida ya baiskeli kwa moyo, kwa shinikizo la damu na kwa sukari ni kubwa. Kwa tumbo peke yake ni ndogo mpaka sahani nayo iangaliwe.

Tena mwili hugeuza zaidi ya robo 3 ya nishati hiyo kuwa joto. Barabarani upepo huliondoa. Chumbani hakuna upepo. Chini ya bati, saa 8 mchana, mtu atachoka kwa joto kabla misuli haijafanya kazi ya maana. Tarime, iliyo juu kiasi cha mita 1,500, imejaliwa asubuhi za baridi, na mahali pa baiskeli ni barazani, majirani wacheke wanavyotaka.

Fundi aambiwe asitupe chochote alichokiondoa. Mikono mirefu ya pedeli, pini zake, tairi na mpira viwekwe pamoja ndani ya kiroba na kutundikwa ukutani. Siku goti linapofika nyuzi 120, mikono ya asili hurudishwa, nondo hukatwa, tairi hujazwa upepo, na baiskeli huteremshwa kutoka kwenye stendi iende mashineni na gunia. Stendi na ile mikono mifupi huazimwa na jirani mwingine.